Cheti cha Infomatiki ya Afya: Anzia Kwenye Rejesta Yako

Mhudumu wa zahanati ya Tarime au Serengeti anayetaka kufanya mtihani wa kitaaluma wa infomatiki ya afya ana mtaji ambao watahiniwa wengi wa Ulaya na Marekani hawana. Anaijua taarifa ya mgonjwa tangu inapoandikwa kwa kalamu. Ameiandika kwenye rejesta ya MTUHA huku foleni ikimsubiri mlangoni, ameichorea tali, ameijumlisha mwisho wa mwezi, ameifikisha wilayani, kisha ameisikia ikisomwa kikaoni kama asilimia. Mtihani unauliza mambo hayohayo, ila kwa Kiingereza na kwa majina ya kitaalamu. Kazi kubwa ya maandalizi ni kuyaunganisha hayo mawili, ndiyo maana nawasihi wote wanaoniuliza kuhusu vyeti hivi waanze na rejesta iliyo mezani kwao kabla ya kulipa ada yoyote.

Namwandikia muuguzi wa kituo cha afya Nyamongo, tabibu wa zahanati ya pembeni kule Ngoreme, mtunza kumbukumbu wa hospitali ya Mugumu au ya mji wa Tarime, afisa TEHAMA wa halmashauri, na kijana mwenye diploma anayejitolea akisubiri ajira. Mahitaji yao hayafanani, kwa hiyo kwanza tusichanganye vitu vitatu ambavyo watu huvifunga pamoja kwa neno moja, cheti.

Kipo cheti cha elimu: NTA ngazi ya 4, 5 na 6 chini ya NACTVET, au shahada inayotambuliwa na TCU, kama ile ya mifumo ya taarifa za afya ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Kipo cheti cha mafunzo ya mfumo fulani, kwa mfano DHIS2. Na kipo cheti cha utaalamu kinachotolewa na chama cha wanataaluma baada ya mtihani, kama CAHIMS na CPHIMS vya HIMSS. Utumishi wa umma hapa kwetu unakuajiri na kukupandisha kwa kile cha kwanza. Hiki cha tatu kinakuongezea uzito unapoomba kazi kwenye miradi, mashirika na hospitali binafsi, na kinakulazimisha kuisoma fani nzima badala ya kipande unachokifanyia kazi. Hakijazi nafasi ya diploma. Kama umeishia kidato cha nne na mfukoni una fedha ya jambo moja tu, nenda chuo.

Kwa aliyekwisha kupata elimu ya msingi ya fani, CAHIMS ndiyo ngazi ya kuanzia, kwa sababu hakidai uzoefu wa kazi. CPHIMS ni cha waliokomaa: mwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe na miaka 5 ya kazi ya mifumo ya taarifa, 3 kati yake katika afya. Vyeti vya chama kingine, AHIMA, yaani RHIT na RHIA, vimefungamana na vyuo vilivyopata ithibati katika utaratibu wa Kimarekani, hivyo aliyesoma Dodoma au Mwanza asivikimbilie bila kwanza kuhakikisha kwa AHIMA wenyewe kwamba chuo chake kinakubalika. Nasisitiza hilo kwa sababu makundi ya WhatsApp yamejaa watu wanaouza "cheti cha kimataifa" cha siku chache. Kipimo ni chepesi. Chama cha kweli kinaweka hadharani kitabu cha mwongozo wa mtahiniwa, muhtasari wa mada za mtihani, na njia ya mwajiri kuthibitisha kwamba fulani amefaulu. Kikikosekana hata kimoja, usitoe fedha yako.

Kabla ya HIMSS lakini, ipo ngazi isiyo na ada. DHIS2 ilitokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kufikia 2013 ilikuwa imesambazwa mikoa yote ya Tanzania Bara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshiriki mkuu. Kozi zake za msingi za mtandaoni hutolewa bure na ukimaliza unapewa cheti. Mtu wa wilaya anayeifungua DHIS2 kila mwezi kuingiza takwimu, lakini hajawahi kujifunza kutengeneza chati au kupekua kwa nini kijiji fulani kimeshuka, anakalia hazina. Zisome kozi hizo kwanza. Kiingereza chake ni chepesi, na ukizimaliza utakuwa umeonja namna ya kusoma peke yako, jambo linalowaangusha wengi kuliko ugumu wa mada.

Sasa turudi kwenye rejesta. Fungua Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, ukurasa wowote, katika zahanati yoyote ya Tarime. Utakuta Chacha Mwita, chini yake Mwita Chacha, mistari michache baadaye Mwita Marwa, kisha Chacha Mwita mwingine wa kijiji jirani. Upande wa akina mama utakuta Bhoke, Boke, Gati, Ghati, Rhobi, Robhi, na mara nyingi mama ni mmoja na walioandika ndio waliokuwa tofauti. Siku moja ametaja jina la baba yake, siku nyingine la mume. Umri ameandikiwa 30 mwezi Machi na 28 mwezi Juni. Kila anayefanya kazi huku amehangaika na hilo, na wengi wamelizoea kama kero ya kawaida.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la fani nzima: utajuaje kwamba huyu wa leo ndiye yule wa juzi? Hospitali za Boston na London zimetumia fedha nyingi zikilitafutia dawa, na mtihani utakuuliza kwa namna kadhaa. Ukifika hapo wakumbuke akina Bhoke. Mfumo unaomtambua mgonjwa kwa jina peke yake utawaunganisha Chacha Mwita wawili, mmoja apewe majibu ya mwenzake, na utamkata Bhoke vipande viwili ili historia ya presha yake ya ujauzito ibaki upande usiofunguliwa. Mfumo unaodai jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji vilingane herufi kwa herufi utazalisha mafaili mapya kila siku. Jibu linakaa katikati: namba ya kudumu ikiwezekana, na pale isipokuwepo, kulinganisha vitu kadhaa kwa pamoja na kukipa kila kimoja uzito wake, halafu binadamu aamue yale yenye shaka.

Mfano wa namba ya kudumu tunao. Namba ya mteja wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, inaanza na tarakimu 2 za mkoa, 2 za wilaya, 4 za kituo, ndipo inakuja namba yake mwenyewe. Ikae mbele yako jioni moja na ujiulize inafanya nini vizuri na inakwama wapi. Inakwambia mteja alianzia wapi. Mtu akihama kutoka Tarime kwenda Geita kutafuta dhahabu, namba inapaswa kumfuata. Lakini akifika huko akajiandikisha upya, kwa aibu au kwa kupoteza kadi, kituo cha zamani kitamhesabu aliyepotea na kipya kitamhesabu mteja mpya, na takwimu za nchi zitaonyesha watu wawili. Ukiweza kueleza jambo hilo kwa sentensi zako mwenyewe umeelewa sura nzima ya utambulisho, hata kama kitabu chake hujakifungua.

Fanya zoezi. Kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, na bila kutoa rejesta nje ya kituo wala kuipiga picha, chukua mwezi mmoja wa Kitabu namba 5 na utafute waliofika zaidi ya mara moja. Andika kanuni ulizotumia kuamua kwamba wawili ni mmoja: kijiji, umri wa kukaribiana, jina la pili, namba ya simu. Kisha mwachie mwenzako afanye bila kuona kanuni zako, mlinganishe. Mtakapotofautiana ndipo mtakapojifunza zaidi.

Jambo la pili ni asilimia zinazopita 100. Mratibu wa chanjo wa Sirari anapoambiwa kikaoni kwamba amechanja watoto wengi kuliko waliopo, chumba hucheka au humshuku. Mtahiniwa wa infomatiki anatakiwa aulize maswali kwa mpangilio. Aanze na wanaohesabiwa: tali imechorwa mara mbili? Mtoto aliyekosa kadi ameandikwa kama mpya? Dozi ya pili imeingia kwenye safu ya kwanza? Akiridhika na hayo, ahamie kwa wanaotarajiwa. Shabaha ya kituo hukadiriwa kutokana na sensa, na watu hawakai pale sensa ilipowaacha. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012 na 2,372,015 mwaka 2022, na ongezeko hilo halikugawanyika sawa kwa kila kijiji. Nyamongo inavuta watu kwa sababu ya mgodi wa North Mara. Sirari ni mpaka, na mama wa upande wa Isebania, ambaye ni shangazi au mke wa mtu wa upande huu, haoni ajabu kuvuka kumleta mtoto kliniki. Katika Serengeti, mama wa kijiji cha ukingoni hufuata kituo kilicho karibu hata kama kiko wilaya nyingine, hivyo wilaya moja inazidi na jirani yake inapungua bila mtu yeyote kudanganya.

Ukiulizwa kwenye mtihani ufanye nini pale kiashiria kinapopita kiwango kinachowezekana, kuna chaguo litakalokuvuta la kurekebisha namba ili ikae sawa. Usilichague kamwe, kwenye mtihani wala kazini. Namba iliyopunguzwa ili ifurahishe kikao ndiyo inayofanya chanjo ziishe kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu aliyeagiza aliamini watoto ni wachache.

La tatu halimo katika kitabu chochote cha Marekani, nami naliona ni zuri mno kwa kujifunzia namna taarifa zinavyopangwa. Rejesta ya wajawazito, Kitabu namba 6, ina nafasi za mwenza: amekuja, amepimwa VVU, majibu yake. Katika Ukurya ipo nyumba ntobhu, ambapo mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anaoa mke kwa mahari ili nyumba yake ipate watoto. Mjamzito wa nyumba hiyo anafika kliniki. Kwa mila na kwa ngazi ya familia, aliyemwoa ni mama huyo, na mtoto ni wa nyumba yake. Aliyempa mimba ni mtu mwingine, ambaye huenda hatajwi. Muuguzi aandike nini? Akiandika jina la mama mwoaji kwenye nafasi ya mwenza, kipimo cha VVU kimekosa maana. Akiacha wazi, ripoti itasomeka kwamba kituo hakishirikishi wenza. Waliounda fomu walijumuisha maswali matatu katika nafasi moja: nani ana hatari ya maambukizi, nani anawajibika na gharama na ruhusa, na mtoto ni wa ukoo gani. Mchambuzi mzuri wa mifumo huyatenganisha kabla programu haijaandikwa. Huo ndio uchambuzi wa mahitaji unaotajwa kwenye muhtasari wa mtihani, na wewe wa Tarime unao mfano usiosahaulika.

Usidhani naikuza zahanati kupita kiasi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya Mosoriot, kule Nandi nchini Kenya, uliwekwa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Mafunzo ya hapo, na mahitaji ya kliniki za VVU zilizokuwa zikifurika Eldoret, yalichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2004. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, ikafuata Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka huohuo, na leo inatumika katika nchi nyingi. Tafuta maandishi ya waasisi wake yanayoeleza walivyopanga taarifa. Yanasomeka, na yanazungumzia umeme unaokatika, makarani, na kadi za karatasi, mambo unayoyaona kila siku.

Faragha ndiyo sehemu ninayotaka watahiniwa wa wilaya hizi mbili waisome kwa uchungu. Vitabu vingi vitakupa sheria ya Marekani ya 1996, HIPAA. Isome kwa sababu inaweza kuulizwa, lakini inayokubana wewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Halafu itafakari kwa mazingira ya huku. Msimu wa ukeketaji unapokaribia, wapo wasichana wanaokimbilia nyumba salama, kama ya Hope for Girls and Women pale Mugumu au kituo cha Masanga huku Tarime. Tangu 2015 wapenzi wa ramani wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vyetu kwenye OpenStreetMap, na ramani hizo zimewasaidia waokoaji kufika kwenye vijiji ambavyo awali havikuonekana kwenye ramani yoyote. Taarifa ileile ya mahali inaweza kumwokoa msichana au kumrudisha mikononi mwa waliomtafuta. Ukifuta jina lake kwenye jedwali ukaacha umri, kijiji na tarehe aliyotibiwa, kijiji chenye kaya chache kitamtambua kabla ya jua kuzama. Swali la nani anafungua faili lake, na kama mfumo unaweka kumbukumbu ya kila aliyelifungua, hutalijibu kwa kukariri ukishaliona hivyo.

Kuhusu kusoma kwenyewe. Miezi sita inatosha kwa mtu wa zamu, akitenga saa moja siku nyingi za wiki na asubuhi moja ndefu. Chapisha muhtasari wa mada za mtihani, ubandike ukutani, na mbele ya kila mada andika tukio moja la kituoni kwako. Mada itakayokosa tukio ndiyo ya kutafutia kitabu. Kwa wengi wetu zitakosekana zile za ununuzi wa mifumo, usimamizi wa miradi, na viwango vya kubadilishana taarifa kama HL7. Viwango vya kuainisha magonjwa havitakuwa vigeni sana: ICD-11 ilianza rasmi Januari 2022, na WHO inatoa mafunzo yake bure mtandaoni. Soma na mwenzako mmoja au wawili wa kazi tofauti, muuguzi na mtu wa TEHAMA, kwa sababu kila mmoja anaona kwa wepesi lile linalomwumiza mwingine. Kiingereza kisikukatishe tamaa: weka daftari la maneno ya mtihani, kila neno na maelezo yake kwa Kiswahili chako, na lisome unaposubiri usafiri.

Zoea pia umbo la maswali. Mengi hukupa mkasa na kuuliza ufanye nini kwanza, na majibu yote manne huwa yana ukweli ndani yake. Chukua mfano huu nilioutunga. Kituo kimefungwa mfumo wa kielektroniki na kompyuta nne. Baada ya miezi mitatu, wauguzi bado wanaandika kwenye rejesta mchana na kuhamishia kwenye kompyuta usiku, na ripoti zinachelewa kuliko zamani. Utaomba kompyuta zaidi, utarudia mafunzo, utapiga marufuku rejesta, au utafuatilia mgonjwa mmoja tangu mapokezi hadi dirisha la dawa ukiona nani anaandika nini na kwa nini? Wengi wetu tutaomba kompyuta. Jibu ni la mwisho. Huenda kompyuta zote nne ziko chumba cha malipo, mbali na kitanda cha mgonjwa, na hakuna mafunzo yatakayosogeza ukuta.

Yamebaki ya siku ya mtihani, nayo yameangusha watu walioiva. Jina unalojisajilia lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Boke na NIDA inasema Bhoke, au majina matatu yamekuwa mawili kwenye pasi, shughulikia kwa mwanasheria mapema, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kadiri atakavyokuelekeza, kisha uwaandikie waendeshaji wa mtihani kabla hujalipa. Ada hulipwa kwa kadi, na kadi pepe ya mtandao wa simu huweza kutosha ukiijaribu kwanza kwa malipo madogo. Mtihani wa CPHIMS una maswali 115 kwa saa 2, kwa hiyo ni kama dakika moja kwa swali, na lisilojibika liwekee alama usonge mbele. Ukichagua kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, unahitaji chumba cha peke yako na intaneti isiyokatika. Kwa umeme tulio nao Tarime na Mugumu, mimi ningepanda basi nikaufanyie kwenye kituo cha mtihani mjini, nilale huko usiku wa kuamkia, kuliko kupoteza ada kwa sababu ya transfoma.

Ukifaulu, CPHIMS hudumu miaka 3 na huhuishwa kwa saa 45 za kujiendeleza, hivyo fungua faili la mahudhurio ya mafunzo siku hiyohiyo. Na mwombe mganga mfawidhi akupe dakika 20 katika kikao cha mwezi kijacho. Peleka chati moja tu ya kituo chenu, ya chanjo au ya wajawazito, pamoja na swali moja ambalo chati hiyo imelizua, na uwaachie waliojaza rejesta wawe wa kwanza kulijibu.